Kundi la Mfuko wa Ukoo: Nvidia au AMD?

[18:04] Dada Mkubwa: Wapendwa habari za jioni. Nakumbusha, kura ya mfuko, tununue hisa za kampuni ipi ya chipu za kompyuta, inafungwa kesho saa 2 usiku. Nvidia, AMD au Intel. Tuko 23 humu, waliopiga kura ni 4. Wanne jamani!

[18:06] Dada Mkubwa: Msimamo wangu mnaujua. Nvidia, na sababu ni CUDA, mfumo wao wa kuandikia programu za chipu zao. Wameijenga tangu 2006. Wataalamu wa akili bandia wamejifunzia humo, programu zao zimeandikwa humo. Mpinzani anaweza kuleta chipu nzuri kabisa na mteja asihame, maana kuhama ni kuandika kazi upya.

[18:31] Kulwa: 👍

[18:32] Dada Mkubwa: Kulwa, dole si kura. Kura iko juu, bonyeza.

[18:40] Doto: Mimi AMD. 2015 hisa yake ilishuka chini ya dola 2, watu walishaichimbia kaburi. Lisa Su, mkuu wa AMD, alikuwa ameshika usukani mwaka mmoja tu. 2017 akatoa chipu za Zen, na mpaka leo anamnyang'anya Intel wateja wa seva. Nvidia ilishapita dola trilioni 3 Juni 2024. Itakua mara ngapi tena?

[18:42] Dada Mkubwa: Doto, maneno hayo hayo yalisemwa 2023 ilipogusa trilioni 1. Waliosema wakabaki wanaitazama inapita. Tuangalie faida, ukubwa tuuache.

[18:43] Kulwa: Doto ungekuwa na hisa hizo za 2015 saa hizi ungeshaoa

[18:43] Shemeji: 😂😂😂

[18:44] Doto: Kulwa wee

[18:45] Shemeji: Mahari kwa chipu 😂

[18:47] Dada Mkubwa: Tafadhali tubaki kwenye mada.

[18:58] Mama Mdogo: Samahani nimechelewa kusoma. Kumbe harusi lini?

[18:59] Doto: Hakuna harusi Mama Mdogo. Ni hisa.

[19:20] Baba Mdogo: Mnataka kuweka hela yote kwenye kampuni moja? 27 Januari 2025 Nvidia ilishuka asilimia 17 kwa siku moja. Karibu dola bilioni 600 za thamani zikayeyuka kwa habari za DeepSeek, akili bandia ya Wachina. Halafu hizo mbili mnazozigombania hazina kiwanda cha chipu. Zote zinatengenezewa na TSMC kule Taiwan. Mnabishana jembe la nani kali, na mhunzi ni mmoja. Mimi nasema gawanyeni, na mhunzi naye awemo.

[19:24] Dada Mkubwa: Shikamoo Baba Mdogo. Kwa heshima zote, ushauri wa kugawanya tungeupata mwaka ule wa kampuni ya simu.

[19:25] Shemeji: 🙈

[19:26] Baba Mdogo: Marahaba. Nilijua litakuja.

[19:29] Baba Mdogo: Kwenye kikao kile kila mtu alinyoosha mkono. Kila mtu. Kosa langu ni kuchelewa kuuza, na nimelibeba peke yangu miaka yote hii.

[19:30] Dada Mkubwa: Uliambiwa uuze mara tatu. Mama alikuambia.

[19:31] Kulwa: Ujumbe huu umefutwa

[19:33] Kulwa: Basi tununue Intel, bei ya kutupa 😂

[19:34] Doto: Intel iliyosimamisha gawio 2024? Novemba mwaka huo ikatolewa kwenye Dow Jones, ile orodha ya kampuni kubwa 30 za Marekani, kiti chake akapewa Nvidia.

[19:35] Kulwa: Ndiyo maana nikasema ya kutupa

[20:12] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

[20:16] Shemeji: Kwa wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: "Nimesikia chipu, nimesikia Taiwan. Sijasikia hata mmoja akisema hela hii itatakiwa lini. Humo mna ada za watoto na matibabu yangu. Itakayotakiwa mwakani isiende mahali panapoweza kuporomoka kwa siku moja. Itakayobaki, chagueni wenyewe. Na mwanangu hakuiba, alikosea. Habari ya kampuni ya simu nisiisikie tena humu."

[20:41] Dada Mkubwa: Tumesikia Bibi.

[20:44] Dada Mkubwa: Baba Mdogo, nisamehe. Nilisema kwa hasira.

[20:50] Baba Mdogo: 🙏🏾

[20:58] Doto: Bibi kagusa penyewe. Cisco, watengeneza vifaa vya mtandao, Machi 2000 ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Haikufa, iliendelea kuuza na kupata faida. Ila aliyenunua kileleni alingoja zaidi ya miaka 20 kuiona bei ile tena. Mtoto anaanza shule mpaka anahitimu chuo kikuu, hela haijarudi.

[21:03] Dada Mkubwa: Sawa. Basi kwanza tutenge ya ada na ya Bibi, hiyo haiguswi. Kinachobaki ndicho tunapigia kura. Mimi bado ni Nvidia, ila naongeza TSMC kwenye orodha. Kura ya zamani naacha ilivyo mpaka tujue kinabaki kiasi gani.

[21:05] Doto: Kwa hiyo kesho saa 2 inafungwa au haifungwi?

[21:15] Dada Mkubwa: Tutaona. Daftari la ada liko kwa nani?

[21:40] Baba Mdogo: Kwangu.

[21:41] Baba Mdogo: Kesho nikitoka kazini nitapiga picha kurasa zote nizitume.

[22:06] Mama Mdogo: Nimebonyeza zote tatu, imekubali?