Amani ni jina la kiume? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Ubishi umezuka kwetu, na naona si wa kwetu peke yetu. Dada yangu kajifungua salama mtoto wa kike, wakampa jina Amani. Baba mkwe wake kagoma katakata: "Binti mnampa jina la kiume, akifika shule si atapangiwa bweni la wavulana?" Wengine wakacheka. Mzee hakucheka.

Msimamo wangu ni kwamba uanaume wa jina hili ni mazoea tu, hasa ya Zanzibar. Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza baada ya Mapinduzi ya 1964, alizaliwa 1905. Kwa utaratibu wa majina yetu Amani ndiye baba yake, kwa hiyo wanaume waliitwa hivyo tangu karne ya 19. Mwanawe akapewa jina la babu, Amani Abeid Karume, akaongoza Zanzibar 2000 hadi 2010. Aliyekua akiyasikia majina hayo redioni, ukimwambia Amani ni binti lazima akushangae.

Lakini vukeni mpaka Kenya. Mwaka 2009 tuzo ya MTV ya msanii bora wa kike Afrika aliibeba Amani, jina la kuzaliwa Cecilia Wairimu. Kijana wa Nairobi wa enzi zile akisikia Amani anamkumbuka mwanadada jukwaani, hana habari na Karume. Kivu nako, mashariki mwa Kongo, ambako hata operesheni ya jeshi ya 2010 iliitwa Amani Leo, jina wanapewa wa kike na wa kiume. Mzazi anayeomba vita viishe haanzi kuuliza jina ni la jinsia gani.

Halafu Bahati je? Bahati Bukuku wa nyimbo za injili Tanzania ni mwanamama, Bahati wa Kenya ni mwanamume. Nani amewahi kuwachanganya?

Karibuni, ila matusi hapana.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, umeruka jambo. Watu wa pwani hawakuacha majina yajiendee. Mwanamume Juma, mwanamke Mwajuma. Hamisi na Mwanahamisi, Idi na Mwanaidi. Na mzizi wa Kiarabu uliozaa Amani una jina lake la kike: Amina, jina la mama yake Mtume. La kiume ni Amini. Sasa Amina lina kasoro gani hata mliache? Huyo mtoto kila fomu atakayojaza atakuwa anajieleza.

Niko Maskati

Shikamoo mzee. Huku Omani mambo ni kinyume kabisa: Amani ni mwanamke. Binamu yangu kaja kutoka Unguja na ndevu zake, karani akaitazama pasi, akamtazama yeye, akairudia pasi.

Ila si jina lilelile. La huku ni wingi wa *umnia*, matamanio, na mwisho wanavuta, Amaanii. Letu ni *amaan*, usalama, tukalitia irabu mwishoni kama kawaida yetu. Uwanja wa mpira wa Unguja mpaka leo unaandikwa Amaan. Majina mawili yamekutana kwenye tahajia moja, basi. Kwa hiyo mleta mada, ukitaka kumnyamazisha huyo baba mkwe, mwambie mjukuu wake kapewa la Kiarabu cha Ghuba.

Mama wa Mapacha

Mbona upande wa pili hamuusemi? Baraka wa kike wapo, wachache. Mvulana aitwaye Rehema mmemwona wapi? Msichana akichukua jina la kiume tunasema sawa, lakini jina likishaonekana la kike wavulana wanalikimbia. Angalieni Imani. Bongo wapo wanaume na wanawake. Marekani, baada ya Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa 1966, kuliweka kati ya nguzo zake saba, limekwenda kwa wasichana karibu lote. Amani kule bado lina wanaume, kama Amani Toomer aliyecheza mpira wao wa New York Giants, lakini tusubiri. Mimi siogopei huyo binti. Naogopea kina Amani wa kiume watakaozaliwa baada yake, kama watazaliwa.

Mleta mada

Mama wa Mapacha, hiyo ya Rehema sina jibu, na nadhani ndiyo hoja nzito kuliko yangu. Ndugu wa Maskati, mzee wetu hajui Ghuba, anajua Karume.

Mzee wa Ngamiani, marahaba ya mwenzetu umeisahau. Amina halina kasoro yoyote, tatizo ni kwamba ndilo jina la dada yangu mwenyewe.

Mzee wa Ngamiani

Marahaba, mwanangu wa Maskati. Kumbe mama ni Amina! Basi Amina na mwanawe Amani, hapo nimelainika. Lakini huyo baba mkwe mlimuuliza kabla, au alisikia jina siku ya akika?