Naomba ushauri: Postgres inakataa ruhusa kwenye majedwali mapya pekee

Wadau, hamjambo. Seva iko hapa Nairobi, inaendesha hifadhidata ya PostgreSQL 15 (Postgres). Mtumiaji "ripoti" anasoma majedwali ya zamani bila shida, lakini kila jedwali jipya linamrudishia "permission denied for table".

Tayari nimeendesha GRANT USAGE ON SCHEMA mauzo TO ripoti (kumruhusu kuingia skima "mauzo", yaani kundi la majedwali), kisha GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA mauzo TO ripoti (kumruhusu kuyasoma). Hiyo ya pili hushika yaliyopo wakati huo tu, basi nikaongeza ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA mauzo GRANT SELECT ON TABLES TO ripoti, ili asome na majedwali yajayo. Wapi!

Nikipiga \ddp (amri ya kuonyesha ruhusa hizo za vitu vijavyo), safu ya mmiliki inaonyesha "postgres", ilhali majedwali huundwa na "fundi". Nadhani kiini ni hapo: bila FOR ROLE (sehemu inayotaja muundaji), ALTER DEFAULT PRIVILEGES huhusu tu vitu vitakavyoundwa na aliyeiendesha.

Je, niweke FOR ROLE fundi, au niunde roli moja (akaunti ya ndani ya Postgres) imiliki kila kitu, na kila skripti ianze na SET ROLE ili itende kama roli hiyo? Mafundi wataongezeka, ndiyo maana nasita.

Tafadhali msiniambie nimpe "ripoti" usupayuza (superuser, yaani ruhusa zote). Hilo si jibu.