Ushauri: PS4 za banda zinazima, nitengeneze au nihamie PS5?

SomoChikongola
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini, Chikongola. Nina banda la gemu lenye PS4 tatu (mashine za gemu za Sony), mbili zile nene za mwanzo na moja slim, yaani ile nyembamba. Wateja wangu ni wanafunzi na bodaboda, wanacheza mpira tu, mechi shilingi mia tano.

Ya kwanza, mechi ya pili haijaisha feni inaanza kunguruma, linakuja onyo kwamba mashine imepata joto, inazima. Ya pili haipigi kelele ila gemu linaganda, linaleta kosa CE-34878-0, na kufungua gemu inachukua muda mpaka mteja anadai hela yake. Slim ni nzima, isipokuwa waya wa HDMI ukiguswa picha inapotea.

Fundi mmoja kaniambia bodi zote zimekwisha, nimuuzie kwa bei ya vipuri. Hata hakuzifungua. Mume wangu kalipwa hela ya mnada wa korosho, anasema tuuze zote tuchukue PS5 moja, lile toleo linalofuata. Hili banda ndilo linalolipa ada za watoto, nafsi inasita. Nishaurini.

FundiMtanda
Pole dada. Usimuuzie. Mtu hajashika bisibisi, amejuaje kama bodi imekufa? Hapo una matatizo matatu yasiyohusiana.

Inayopata joto: PS4 nene zilitoka mwishoni mwa 2013. Kati ya prosesa (chipu kuu) na hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachotoa joto, kuna pesti ya kijivu, ikikaa miaka inakauka, joto halipiti. Na huku kwetu pwani vumbi si la kupuliza likaondoka. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, vumbi linashikana kwenye mapezi ya hitisinki linakuwa kama blanketi. Mimi hapa Lindi nikifungua nalibandua vipande vipande. Jaribu hivi: ikianza kunguruma weka kiganja nyuma yake. Ukikuta hewa ni kidogo lakini inaunguza, njia imeziba. Tafuta fundi atoe pawa saplai, ainue hitisinki, asafishe kwa brashi na spiriti, apake pesti mpya kiasi cha punje ya choroko. Akikwambia atapuliza tu kwa pampu, mshukuru uondoke.

Inayoganda: nashuku diski ya ndani inayohifadhi gemu, ingawa kosa hilo lina sababu nyingi. Izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia usiachie, kama sekunde saba, mpaka usikie mlio wa pili. Chomeka pedi kwa waya, kwenye orodha itakayotokea chagua namba 5. Inapanga upya orodha ya vitu vilivyomo, haifuti gemu. USIGUSE namba 6 wala 7, hizo zinafuta kila kitu. Ikiganda tena, badilisha diski. Inatumia diski ya inchi 2.5, ile ile ya laptop, na ukiweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, utaona tofauti kwenye kufungua gemu.

Slim: anza na waya mwingine wa HDMI. Ikiendelea, ni tundu lenyewe, na kulibadilisha ni kazi ya kuchomelea, apewe mwenye mkono mtulivu.

DerevaLigula
Mimi nasema kama mteja. Niliacha kwenda banda moja huku kwetu kwa sababu ya pedi. Analogi, kile kijiti cha kuongozea mchezaji, imelegea, beki anatembea peke yake, unafungwa goli la kijinga na hela imekwenda. PS4 au PS5 hatuulizi. Tunauliza pedi gani ni nzima.

MachingaMasasi
Napingana kidogo na wenzangu. Mimi nilichukua PS5 na vijana wanaifuata. Inacheza karibu CD zote za PS4, kwa hiyo dada hutupi CD zako. Ukinunua hakikisha ina sehemu ya CD, maana zipo zisizo nayo. Mashine ya 2013 utaitengeneza mpaka lini?

SomoChikongola
Asante kaka. Na pedi zangu za PS4 zitakubali kwenye PS5?

MachingaMasasi
Kwenye gemu za PS4 zinakubali. Ukiweka gemu la PS5 lenyewe, hapana, inataka pedi zake, na pedi zake bei imechangamka.

FundiMtanda
Machinga hajakosea, PS5 ni mashine nzuri. Ila dada ana viti vya mashine tatu. Akiwa na moja, Jumamosi jioni wawili wanacheza, wengine wanasimama mlangoni, na ikiugua banda limefungwa. Angalia na LUKU: PS4 slim mwisho wake ni wati 165, PS5 ya kwanza imeandikwa 350. Haili zote muda wote, lakini inakula zaidi. Na hiyo PS5 prosesa yake imepakwa metali ya maji badala ya pesti. Ikimwagikia bodi ni hasara, si kila fundi wa kuiachia.

Dada, umeme ukikatika mashine zinakuwa zimewashwa?

SomoChikongola
Ndiyo, mara nyingi. Ukirudi zinaandika kwamba hazikuzimwa vizuri.

FundiMtanda
Basi nazidi kuishuku diski. Umeme unakatika diski ikiwa inaandika. Nunua UPS ndogo ya 650VA, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Kwa PS4 moja na TV yake inatosha kupata dakika za kuzima kwa utaratibu.

SomoChikongola
Mrejesho wakuu. Nimepata fundi mwingine Shangani, kafungua ile ya kwanza mbele yangu. Vumbi lilikuwa jeusi na limeloa, pesti imekuwa unga. Tangu jana inachezeshwa mfululizo na haijazima. Namba 5 kwenye ile ya pili imesaidia siku moja, imeganda tena. Slim ilikuwa waya tu. Nimeongea na baba watoto, amekubali hela ya korosho itoe SSD, pedi mpya na UPS ya kuanzia, PS5 tutaizungumza msimu ujao. Diski mpya nikiiweka itawaka yenyewe?

FundiMtanda
Haitawaka bila mfumo. Kabla ya kuitoa ya zamani, hamishia rekodi za wachezaji kwenye flashi. Kisha kwenye flashi nyingine tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, weka faili la mfumo lililo kamili kutoka tovuti ya Sony, si lile dogo la kuongezea. Weka diski mpya, chomeka flashi hiyo, fungua ile orodha kama mwanzo. Hapo sasa ndipo unachagua namba 7, maana diski mpya haina cha kufuta.