Ndege wanakunywa maji ya beseni lakini hawaogi, nakosea wapi?

Mama_Mchicha: Habari zenu wanajukwaa. Niko Tanga, na kaskazi hii jua linachoma hasa. Mwezi sasa naweka beseni la plastiki chini ya mwembe, nalijaza kila asubuhi ili ndege waoge. Wanatua ukingoni, wanakunywa, wanaondoka. Shomoro wanakwenda kujigaragaza kwenye vumbi la tuta langu la mchicha. Chozi ndiye hakaribii kabisa, ila nikimwagilia namwona anajisugua kwenye majani ya mgomba yaliyolowa. Mume wangu anasema nafuga mbu, na tuna mtoto mchanga. Nawapenda ndege hawa, lakini malaria naiogopa. Nisaidieni.

Bustani_ya_Nyuma: Dada, beseni lako kwa shomoro ni kisima. Ndege mdogo huoga akiwa amesimama, maji yakimfika tumboni, basi sentimita 3 zinamtosha. Halafu plastiki inateleza, kucha hazishiki. Chukua sahani ya udongo ile ya kuwekea chungu cha maua, au tandaza kokoto humo humo kwenye beseni mpaka maji yabaki kina kidogo. Iwe kama mita 2 kutoka kwenye kichaka, maana paka hujificha humo, na ndege aliyelowa haruki vizuri.

NesiWaPwani: Mumeo ana haki ya kuogopa. Kwa joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi. Ukimwaga kila siku hawafiki huko. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi: mbu wa dengue hugandisha mayai kwenye kuta za chombo, na yanastahimili ukavu miezi kadhaa. Sugua kwa brashi. Usitie mafuta ya taa wala ya kupikia kuua viluwiluwi, yataharibu manyoya ya ndege.

Babu Tetere: Mwanangu, usiwafukuze shomoro kwenye vumbi. Vumbi hunyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na huwapunguzia chawa. Wachie kipembe kikavu nje ya tuta, weka udongo laini, watahamia. Chozi naye usimngoje kwenye beseni, umande na majani ya mgomba ndiyo bafu lake. Tetere wangu mvua ikinyesha hulala upande, akainua bawa moja maji yaingie kwapani. Nimetazama miaka mingi na sijachoka.

Mama_Mchicha: Shikamoo babu, na ahsanteni wote. Jana nimetandaza kokoto. Leo saa moja asubuhi wameingia shore wawili, wale wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, wakapigapiga mbawa mpaka maji yakamwagika nje, kisha wakapanda mwembeni kuchambua manyoya. Machozi yalinilenga. Ila saa nne kunguru kaleta kipande cha mkate, kakiloweka humo, maji yamechafuka.

Bustani_ya_Nyuma: Kunguru ndivyo alivyo, chakula kikavu hukilowesha kwanza. Weka maji alfajiri hadi saa tatu, kisha alasiri tena. Katikati ya hapo maji yamwage kwenye mchicha, beseni lisugue, ulifudikize.

NesiWaPwani: Na likifudikizwa halina pa kutagia mbu. Mwonyeshe mumeo.