Begi, madumu au taa ya sola: nianze na kipi kwa shilingi 30,000 kabla ya vuli?

Kijana wa Makorora

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina umri wa miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu hapa Tanga mjini, na ninaishi Makorora pamoja na bibi, mama na wadogo zangu wawili. Likizo iliyopita nilimsaidia mjomba kupakia nazi, nikatia shilingi 30,000 kwenye kibubu, na nimeamua kuwa fedha hiyo itumike kuiandaa nyumba yetu kwa dharura kabla mvua za vuli hazijaanza mwezi wa kumi. Kilichonisukuma ni alfajiri ya tarehe 4 Mei 2024, siku ambayo kimbunga Hidaya kilikuwa kinaikaribia Mafia na umeme ukakatika nchi nzima. Nyumbani kwetu tulikuwa na kibatari kisicho na mafuta, simu zilizokaribia kuzimika na ndoo moja ya maji isiyofika nusu. Kimbunga hakikutudhuru, lakini mdogo wangu alilia gizani mpaka kulipokucha, nami sikuwa na la kumfanyia.

Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza ni begi la kukimbia nalo, kama lile ambalo Wamarekani hulionesha kwenye video zao, lenye kisu, kamba, chujio la maji na vyakula vya makopo. Begi hilo peke yake lingekausha kibubu. Ya pili ni madumu na dawa ya kutibu maji. Ya tatu ni taa ya sola na redio. Naomba mnilinganishie, hasa aliyewahi kufikwa.

Muuguzi Mstaafu, Ngamiani

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi wodini kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo utanisamehe nikilitazama jambo lako kwa jicho la mgonjwa. Mvua kubwa ikishanyesha, mashimo ya vyoo hufurika, maji yake hufika visimani, na siku chache baadaye tunaanza kupokea watu wanaoharisha na kutapika. Kwa sababu hiyo nakwambia anza na maji, na wala usiumize kichwa kwa hesabu. Nyumba yenu ina watu watano. Mkiweka lita nne kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na za kupikia, kwa siku tatu mnahitaji lita 60, ambazo ni madumu matatu ya lita 20. Nunua yaliyokuwa na mafuta ya kula, usikubali lililobeba petroli au dawa ya shamba hata ukipewa bure, kwa kuwa harufu huondoka na sumu hubaki. Lisafishe kwa sabuni na kokoto ndogo, ulitikise vizuri, ulisuuze. Kila baada ya wiki kadhaa maji hayo myatumie kufulia, kisha mjaze mengine, ili madumu yasigeuke mapambo ya uani.

Vidonge vya kutibu maji hupatikana duka la dawa. Vilivyo vingi kimoja hutosha dumu la lita 20, na baada ya kukitia husubiriwa nusu saa, lakini soma maelekezo ya pakiti, maana havilingani vyote. Maji yakiwa na tope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwani dawa hushindwa na uchafu. Nunua na pakiti chache za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikiisha, tengeneza mwenyewe kwa lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kulundika. Tafadhali usikosee kwenye chumvi, maana ikizidi humdhuru mtoto.

Nahodha wa Deep Sea

Shikamoo mama. Sibishani nawe juu ya maji, ila kijana hajatueleza nyumba yao imekaa wapi, na hilo ndilo linaloamua. Mimi nilipanga chumba bondeni, karibu na mfereji, na nilikuwa na madumu manne yaliyojaa. Maji yalipoingia usiku wa saa nane, yale madumu niliyaacha ndani, nikatoka na mwanangu mabegani na simu mdomoni. Vyeti vya kuzaliwa, kadi ya kliniki na kitambulisho cha mke wangu vilikuwa ndani ya mto wa godoro, navyo viliharibika vyote. Kuvipata tena kulinigharimu nauli na siku za kazi kuliko bei ya begi lolote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama mpo mahali ambapo maji hupita, begi ndilo la kwanza, lakini si begi la video. Kisu na kamba vya nini kwa mtu anayekwenda kwa shangazi yake Chumbageni? Chukua begi lako la shule la zamani, tia nakala za vyeti, kanga mbili, dawa za bibi za siku chache, tende, karanga, chupa ya maji, filimbi, fedha ndogondogo na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya mtu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu 2019, hivyo karatasi zako zifungie kwenye faili la plastiki lenye zipu, linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya shule. Na msivuke maji yanayokwenda kasi hata yakionekana machache, kwani yanayofika nusu ya muundi tu huweza kumwangusha mtu mzima. Mimi ni mtu wa bahari, na maji ya barabarani nayaogopa kuliko ya bahari, kwa sababu hujui kilicho chini yake.

Fundi Umeme, Pongwe

Kuhusu mwanga nitasema wazi ingawa ninauza taa za sola: usiifanye taa ya sola kuwa tegemeo lako pekee. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo na wingu likawa zito, kipaneli kidogo huchaji kwa shida sana, na taa hiyo itakuacha siku ileile unayoihitaji. Kwa bajeti yako ningependelea tochi ya kawaida yenye betri za akiba, betri zikae nje ya tochi ili zisivuje ndani yake. Kibatari na mshumaa ni rahisi, ila nyumba yenye watoto na vyandarua ningeikataza kabisa. Vilevile jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kisingizio cha mvua, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Redio si lazima uinunue ikiwa mama ana kiswaswadu chenye redio, kwani simu hizo hukaa na chaji siku kadhaa. Jambo la maana ni kuelewa unachokisikia: Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, haisemi kitu kimoja kwa maneno matatu, bali inapanda ngazi. Likitolewa angalizo, chaji simu zote na ujaze madumu; ikifika tahadhari kubwa, begi liwe mlangoni. Na maji yakianza kuingia, swichi kuu izimwe na mtu mzima aliyesimama pakavu. Kama pameshalowa, msiiguse.

Mwanafunzi wa Pangani

Mimi pia ni kidato cha tatu na sina hata hiyo 30,000. Shuleni tulifundishwa kujaza maji kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga na kuzianika juani kwa muda wa saa sita. Je, hiyo haitoshi badala ya vidonge?

Muuguzi Mstaafu, Ngamiani

Ni njia ya kweli, mwanangu, maji yakiwa maangavu na jua likiwa kali. Wingu likitanda, chupa zinatakiwa zikae siku mbili, na wakati wa mafuriko jua utalitoa wapi? Itumie kiangazi. Masika na vuli chemsha, maji yatokote hasa kwa dakika moja, au tia dawa.

Mwalimu wa Zamu

Mmejibu vizuri, ila naona hamkutaja kitu ambacho hakimgharimu kijana senti moja. Shule nyingi zina vikundi vya skauti au vya Msalaba Mwekundu, na huko hufundishwa kuzuia damu kwa kubana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, kumwosha aliyeungua mahali palipoungua kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini badala ya kumpaka dawa ya meno, na kumtuliza aliyeumwa na nyoka bila kumchanja. Begi huweza kusahaulika nyumbani, lakini mikono unakwenda nayo. Namba nazo azikariri na awafundishe wadogo zake: 112 polisi, 114 zimamoto, 115 gari la wagonjwa.

Nimewasikia pia watu wakidai kwamba vimbunga si vya kwetu. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kubomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, na Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Ni nadra, nakubali, lakini kijana hajakosea kuwaza mapema.

Kijana wa Makorora

Nawashukuru nyote, shikamooni tena. Kwa kuwa Nahodha alisema mahali nyumba ilipokaa ndipo panapoamua, nimezunguka mtaani baada ya mvua ya juzi, nikaona maji yanapita nyuma ya nyumba ya jirani na kwetu hayafiki kizingitini, kwa hiyo nimeanza na maji. Madumu matatu yamekula 12,000, vidonge na chumvichumvi 5,000, tochi na betri 7,000, faili la plastiki na nakala za vyeti 2,000. Zilizobaki 4,000 nimenunua tende na karanga, ambazo tayari nimezificha, maana wadogo zangu wanazitafuta kwa bidii. Begi ni lile la darasa la saba, nimelishona mkanda. Jumatatu ninajiandikisha kwenye kikundi cha Msalaba Mwekundu shuleni.

Bibi amekubali vyeti vyote vinakiliwe, isipokuwa hati ya kiwanja, ambayo anasema haitoki mkononi mwake hata kwenda kwa mpiga fotokopi. Nimempa faili la pili lenye zipu. Ameitia hati humo, akalirudisha chini ya godoro.