Naomba vitabu vipya kuhusu watu wanaojenga pembezoni mwa Dar

BintiKivule
Wakuu habari zenu, dada zangu na kaka zangu mliotangulia shule naomba msaada. Nafanya masta ya sosholojia hapa Dar, madarasa ya jioni, mchana nipo dukani Kariakoo. Mada yangu ni watu wanaojenga pole pole huko pembezoni, Kivule, Chanika, Goba, Bunju, mtu ananunua kiwanja kwa makaratasi ya serikali ya mtaa, anapandisha boma, hela inakata, boma linaota majani miaka mitano, halafu siku moja anapaua vyumba viwili anahamia hata plasta hajapiga. Mimi mwenyewe nimekulia nyumba ya hivyo, chumba tulicholala watoto dirisha lilizibwa na tofali zilizopangwa tu bila saruji, mpaka mama alipopokea mchezo, ile hela ya kuchangiana kwa zamu, ndo tofali zikatolewa tukawekewa nondo.

Sasa wiki iliyopita supavaiza kanirudishia proposo, kitabu changu kipya kuliko vyote ni cha Issa Shivji, yule profesa wa sheria, cha 1998 kile cha ardhi. Kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "tangu hapo hakuna aliyeandika?" Imeniuma kwa sababu ana haki. Kuagiza nje siwezi, kitabu kimoja na usafiri wake ni kodi ya chumba. Mnisaidie, vya miaka ya karibuni, na kama kuna vya bure itakuwa vizuri sana.

Msomaji_Sinza
Dada pole, ila umekuja wakati mzuri maana kuna kitabu kama kimeandikwa kwa ajili yako. Claire Mercer, The Suburban Frontier, kimetoka 2024 University of California Press, kinahusu Dar hii hii na watu wanaonunua viwanja na kujenga viungani. Hoja yake ni kwamba tabaka la kati hapa mjini linajitengeneza kwa kununua ardhi na kujenga, kwahiyo huwezi kulielewa kwa kuangalia mishahara ya watu tu. Na ni bure, wala sio wizi, mchapishaji mwenyewe amekiweka kwenye mpango wao unaoitwa Luminos, unadaunlodi pdf nzima hata kwa simu.

Cha pili Emily Brownell, Gone to Ground, cha 2020. Huyu ni mwanahistoria, anaeleza Dar ya miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, serikali haitaki watu warundikane mjini, dukani hakuna bidhaa, watu wakakimbilia pembezoni kulima, kuchoma mkaa, kutafuta vifaa vya kujengea. Ukivisoma hivi viwili kwa kufuatana utaona Kivule yenu haikuanza juzi. Mimi ningeanza na huyu wa historia kwanza halafu ndo Mercer.

MzeeWaArdhi
Binti yangu, usione aibu na kitabu cha 1998, ni kizuri na ukibakize. Lakini supavaiza wako ameona jambo ambalo inawezekana hakukueleza vizuri. Shivji aliongoza tume ya rais ya masuala ya ardhi iliyoundwa 1991, ripoti ikachapishwa 1994, na hicho kitabu kinabishana na serikali kuhusu sheria ambayo ilikuwa bado haijapita. Sheria zenyewe zimekuja 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Sasa wewe unaandika kuhusu mtu aliyenunua kiwanja Chanika 2010 na ushahidi wako unaishia mwaka mmoja kabla ya sheria inayomhusu. Hapo ndipo penye pengo, ukilieleza hivyo kwenye proposo atakuelewa.

Na cha zamani kingine usikiache, tasnifu ya Lusugga Kironde ya 1995, Chuo Kikuu cha Nairobi, kuhusu matumizi ya ardhi Dar kuanzia 1890 hadi 1990. Ni ndefu, ivumilie. Halafu weka sensa, 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, 2022 wakawa 5,383,728. Milioni moja imeongezeka ndani ya miaka kumi, waulize wamelala wapi.

Konda_Mstaafu_GongoLaMboto
Shikamoo mzee. Dada mimi naomba nipingane kidogo na mdau wa Sinza, kitabu cha Mercer kisome ila usikivae kama sare. Mama yako alijenga kwa hela ya mchezo, je yeye ni tabaka la kati? Mimi nimekaa Gongo la Mboto miaka mingi na naona kwenye mtaa mmoja kuna mwenye kiwanja anayekuja na gari jumapili kukagua, kuna fundi, kuna kijana anayefyatua tofali kwa siku, na kuna anayelala kwenye hilo boma analinda mali ya mwenzake, wote hao utawaita "wajenzi wa pembezoni"?

Kwa hili nakupa Matteo Rizzo, Taken for a Ride, 2017, Oxford. Ni cha daladala za Dar na ujio wa mwendokasi, sio nyumba, ila nimekisoma kwa uchungu kwa sababu nilikuwa konda. Anakataa ile tabia ya kuwaita watu wote wa sekta isiyo rasmi wajasiriamali wadogo. Gari sio la dereva wala la konda, mnaamka saa kumi, mnapeleka hesabu kwa mwenye gari, kinachobaki baada ya mafuta ndo mnagawana, na siku nyingine hakibaki. Anauliza nani anamiliki na nani anafanya kazi. Lichukue hilo swali ulipeleke kwenye tofali.

Msomaji_Sinza
Mkuu hapo umenipiga, nakubali. Dada ukipita Posta ingia pia duka la vitabu la TPH pale Samora, wana vya mchapishaji wa hapa hapa, Mkuki na Nyota.

BintiKivule
Asanteni sana, mzee wangu shikamoo, na kaka wa Gongo la Mboto Mungu akubariki. Cha Mercer nimeshakidaunlodi, jana nimetoa utangulizi stesheneri nikaenda nao nyumbani, usiku nikawa namtafsiria mama kipande kipande. Kasikiliza weee, halafu akaniuliza huyo dada ameandika nani alichota maji ya kuchanganyia zege? Nikakumbuka ni sisi, mimi na kaka yangu, ndoo ishirini kabla ya kwenda shule siku mafundi wanamwaga lenta, kisima kilikuwa kwa jirani na tulikuwa tunalipia kila ndoo. Kwenye maswali yangu ya mahojiano sikuwa nayo kabisa hiyo, nilikuwa na "nani alilipa fundi" basi. Nimeiongeza usiku ule ule, ni swali la nne sasa.