Kingamwili za utumbo wa panya: kinyesi au vipande vya utumbo? Naagiza vifaa Alhamisi

Binti_Wete: Assalamu alaikum. Panya watanyweshwa virusi vya rota, vile vya kuharisha, nami nataka kupima IgA, kingamwili ya utumboni. Nichukue kinyesi nipime kwa ELISA (kipimo cha sahani yenye visima, rangi hubadilika kingamwili ikiwepo), au nikate vipande vya utumbo niviweke kwenye maji ya lishe nipime kinachotoka? Na ELISPOT ya kuhesabu seli zinazotoa kingamwili, inafaa?

Maalim_Fundi: Waalaikum salaam. Panya wangapi? Umri gani? Utawachinja lini? Unatuuliza nauli bila kusema unakwenda Mkoani au Konde.

Karafuu_Kavu: Kinyesi, basi. Panya yuleyule unampima wiki hadi wiki, humchinji. Koroga gramu moja kwa mililita tisa za maji ya chumvi, zungusha kwenye mashine mashapo yatuame, chukua maji ya juu. Halafu gawa IgA inayolenga virusi kwa IgA yote, maana punje kavu na punje mbichi si sawa.

Mchanga_Mdogo: Karafuu umeruka vimeng'enya kama tripsini, huweza kuila IgA humo kwenye kinyesi. Mie yalinikuta. Nilikusanya kinyesi wiki sita, sikutia kizuizi cha tripsini, bosi alisema friza inatosha. Ijumaa usiku umeme ukakatika, jenereta halina mafuta, mlinzi kaenda harusini. Jumatatu nafungua, tyubu zinaelea, uji mtupu, kibandiko cha panya wa 12 kimegandia tyubu ya 21. Nikapima hivyohivyo. Sahani nzima haikubadilika rangi, ila visima viwili vya kulinganishia. Mgonjwa na mzima sawasawa! Sasa kila sampuli naigawa tyubu mbili, friza mbili.

Mpemba_Halisi: Friza za Unguja hizo. Mwisho wa 2009 si mlikaa gizani miezi mitatu, waya wa baharini umekufa? Sisi tuna wetu kutoka Tanga tangu 2010.

Karafuu_Kavu: Na juzi mlikuwa mnasomea mshumaa wa nini?

Maalim_Fundi: Yakhe, turudi. Kinyesi hakikwambii IgA imetoka wapi, hata nyongo huimwaga utumboni. Vipande huoshwa damu kwanza, vingine kwenye joto la 37, vingine juu ya barafu. Kilichozidi kwenye joto ndicho utumbo ulichotengeneza wenyewe. ELISPOT inataka seli hai, siku hiyohiyo.

Karafuu_Kavu: Na bakteria? Kesho yake sahani ya vipande inanuka kama dago la wavuvi.

Maalim_Fundi: Tia viuavijasumu. Kwani wewe huoshi?

Binti_Wete: Samahani, nilikuwa kazini. Panya 24, wakubwa, wanne kila kizimba.

Maalim_Fundi: Wanne? Panya hula mavi, yao na ya wenzao. Wasiopewa virusi wako kizimba gani?

Binti_Wete: Nimewapanga humohumo, wawili kwa wawili, kupunguza gharama.

Mchanga_Mdogo: Yarabi.

Binti_Wete: Basi ELISA isubiri. Vizimba vya plastiki nani anajua bei yake?